Mjusi wa mdogo wetu: tusinunue ugonjwa kwa sababu una rangi nzuri

Kaka na dada zetu, mlio hapa Nakivale, mlio Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka, na nyie ambao mlishapanda ndege mkatuacha. Ni sisi tena. Mwezi huu tulipanga kuandika juu ya mpira wa vijana wa zoni zetu, lakini kuna jambo limetokea ndani ya grupu letu la wasapu, na tumeona tusipoliandika litabaki kama mwiba kwenye mguu. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu. Tunajua MB ni ghali, ndiyo maana hatukuweka video.

Jambo lenyewe ni mjusi. Ndiyo, mjusi. Mlio kwenye grupu mnajua.

Kwa wale hamkuwepo, ilikuwa hivi. Mdogo wetu mmoja, tuliyekuwa tunamfundisha hesabu jioni kabla familia yake haijapata safari ya Marekani, alituma picha mbili za mijusi. Sasa ana miaka 16. Tayari ana mjusi mmoja nyumbani, anamfuga ndani ya sanduku la kioo. Amekuwa akikata nyasi za majirani wikendi, ameweka pesa, anataka kununua wa pili. Picha ya kwanza ilikuwa ya mjusi wa njano mwenye madoa meusi. Ya pili ilikuwa ya mjusi mwenye rangi kama ya machungwa yaliyomwagiwa maziwa, macho yake ya ajabu, madoa kama vumbi. Chini aliandika: "Kaka na dada, nichague yupi?"

Jamani, majibu yaliyofuata tunaona haya kuyarudia. Mmoja alisema, "Mjusi wake analala kwenye joto la umeme, sisi hata blanketi hakuna." Mwingine akasema, "Huku tunakula mara moja kwa siku, wewe unalisha mjusi?" Mwingine, "Huyo ameshakuwa mzungu, mwacheni." Na tukiwa wakweli, hata sisi tunaoandika haya tuliweka vile vikatuni vya kucheka. Mdogo wetu akaandika neno moja tu, "Samahani," halafu akatoka kwenye grupu.

Siku mbili baadaye mama yake alitutumia sauti. Hakugomba. Alisema, "Wanangu, mumemfukuza mtoto." Halafu akatueleza. Mwaka wa kwanza kule, kijana hakuzungumza shuleni. Si kwamba alikuwa bubu, ni kwamba akifungua mdomo wenzake wanacheka Kiingereza chake. Mama anafanya kazi usiku, baba mnajua hayupo tena. Mzee mmoja jirani alikuwa anahama, akamwachia kijana mjusi pamoja na sanduku lake. Kijana ikabidi asome namna ya kumtunza. Akasoma, akasoma, na Kiingereza kikaja humohumo. Leo wenzake wa darasa wanakuja nyumbani kumuuliza maswali juu ya mijusi. Mama akamaliza, "Huyo mjusi mnayemcheka ndiye aliyemfundisha mtoto wangu kusema."

Tulikaa kimya. Baadaye tukakutana sita sisi chini ya ule mti wa karibu na bomba la maji, tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, tumwombe msamaha, na hilo tunalifanya hapa mbele ya wote. Pili, tumjibu swali lake, kwa sababu aliuliza kwa heshima na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Tukagawana kazi ya kusoma, kila mtu na simu yake na bando lake. Tuliyoyakuta yametufanya tuwe na maoni, na maoni yetu ni haya: mdogo wetu ana haki kabisa ya kufuga mjusi wake, lakini yule wa picha ya pili asimnunue.

Tuanze na mjusi mwenyewe, sababu wengi walisema "mjusi ni mjusi tu". Si kweli.

Huyu anaitwa geko chui, kwa sababu ya madoa yake. Yuko katika ukoo mkubwa wa geko, ambao na mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu yumo. Kwa hiyo ni ndugu, lakini ndugu wa mbali. Yule wetu hana kope, ndiyo maana mnamwona akilamba jicho lake kwa ulimi. Geko chui ana kope, anafumba macho akilala kama mtu. Yule wetu ana vidole vya kugandia, anapanda ukutani mpaka darini. Geko chui hana, ni mtu wa chini, anatembea kwenye mawe. Akikua anafika kama sentimita 20 au 25 na mkia wake. Na huo mkia ni mnene sababu ndiyo ghala lake la chakula: anaweka mafuta humo, njaa ikija anatumia. Akishikwa na adui anaukata anaukimbia, halafu mwingine unaota, ingawa hauwi mzuri kama wa kwanza.

Kwao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, kwenye nchi kavu yenye mawe. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1854. Siku hizi amejaa kwenye nyumba za watu wa Marekani na Ulaya, kwa sababu ni mpole, hana makelele, na anazaa vizuri akiwa amefungwa. Wengi wanaouzwa leo wamezaliwa kwenye masanduku ya wafugaji, wazazi wao pia, na babu zao pia.

Unaona sasa? Huyu mjusi naye kwao ni mbali na alipo. Hatusemi zaidi ya hapo, lakini sisi tulipoona neno Afghanistan tulitazamana.

Kumtunza si mchezo. Anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na joto, sakafu yake ifike kama nyuzi 32, na upande wa pili uwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Hiyo ndiyo heater iliyochekwa. Si anasa: mjusi hatengenezi joto la mwili wake kama sisi, na bila joto chakula hakisagiki tumboni. Anakula wadudu walio hai, nyenje na wengine, na wadudu hao wapakwe unga wa kalsiamu na vitamini D, la sivyo mifupa yake inalainika na kupinda. Anahitaji kona yenye unyevu ili ngozi ivuke vizuri, kwa sababu ikigandia kwenye vidole, vidole vinakufa. Na kila ukimshika unanawa mikono kwa sabuni, sababu mijusi inaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoharisha watu.

Halafu kuna jambo lililotushtua: akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 mpaka 20. Miaka 20! Kuna watu kati yetu ambao maisha yao yote ya kambini hayajafika hapo. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 akinunua geko mdogo leo, anaweza kuwa na watoto wake mwenyewe na mjusi bado yuko. Hiyo si zawadi ya wiki moja. Ni ahadi.

Sasa tuje kwenye lile la mgao, kwa sababu hatutaki mtu aseme tumelikimbia.

Ni kweli tuna njaa. Sisi tunaoandika ni watu wa kujitolea, baadhi yetu ndio tunazunguka na ule utepe wa kupimia mikono ya watoto, wenye kijani, njano na nyekundu. Tunajua nyekundu inaongezeka lini. Hakuna mtu wa kutufundisha njaa ni nini. Kwa hiyo aliyeona mjusi ana joto na yeye hana blanketi, uchungu wake ni wa kweli, na hatumwambii anyamaze.

Lakini tuulizane. Mgao ulipokatwa, ni mjusi wa mdogo wetu aliyeula? Nyenje za Marekani zingegeuzwa kuwa unga zikafika hapa? Mtoto anayekata nyasi wikendi ndiye wa kutubebea mzigo ambao wakubwa wenye mikutano na magari wameushindwa? Tulimrushia mawe kwa sababu alikuwa karibu na hawezi kurudisha. Wale tunaopaswa kuwauliza hawako kwenye grupu letu.

Na kuna kitu kingine. Tukisema mkimbizi hana ruhusa ya kupenda kitu kidogo mpaka matatizo yote yaishe, basi hatutapenda kitu kamwe. Hapa hapa kambini kuna mama anapanda maua mbele ya mlango wa nyumba ya udongo. Kuna mzee anafuga njiwa ambao hawali. Wangapi wetu kule Kongo tulikua na kobayi chini ya kitanda, tukawapa majina, na siku ya kuchinjwa tukalia? Hatukuwa wazungu. Tulikuwa watoto.

Kwa hiyo kufuga, sawa. Tumemaliza hilo. Sasa tuje kwenye rangi, na hapa ndipo mdogo wetu atusikilize vizuri.

Zile rangi za ajabu zinaitwa mofu. Geko chui wa porini ni wa njano na madoa meusi, na akiwa mdogo ana mistari mipana, madoa yanakuja akikua. Lakini mara mojamoja anazaliwa mmoja tofauti: mweupe, au wa machungwa, au asiye na madoa. Mfugaji anamchukua huyo, anamzalisha, anawazalisha watoto wake, mpaka anapata ukoo mzima wa rangi ile. Halafu anaupa jina na bei.

Waliosoma baiolojia ya sekondari mtakumbuka Mendel na mbaazi zake. Ni yaleyale. Kuna rangi inayohitaji irithiwe kwa baba na kwa mama ndipo ionekane, kama ualbino. Tena kwa geko chui kuna aina tatu za ualbino, zinaitwa Tremper, Bell na Rainwater, na kila moja inatoka kwenye kosa lake la urithi. Ukichanganya Tremper na Bell, watoto wanatoka na rangi ya kawaida, ingawa wazazi wote ni albino. Kuna nyingine, Mack Snow, ambayo mtoto akirithi kwa mzazi mmoja anakuwa na rangi iliyopauka, akirithi kwa wote wawili anakuwa mweupe na mweusi na macho meusi tupu. Sisi tulifurahi sana kusoma hayo. Mwalimu wetu angetueleza Mendel kwa mijusi badala ya mbaazi, pengine tungefaulu zaidi.

Hizo nyingi hazina shida kubwa. Albino macho yake yanaumizwa na mwanga mkali, unamwekea mahali pa kujificha, anaishi. Lakini kuna rangi ambazo ugonjwa umo ndani ya rangi yenyewe.

Mjusi wa picha ya pili, mdogo wetu aliandika jina lake: Enigma. Ni rangi inayorithiwa kirahisi, mzazi mmoja tu anatosha, na karibu nusu ya watoto wake wanaipata. Lakini pamoja na rangi unakuja ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Tuliangalia video kwa simu moja, watu sita tumeinama. Mjusi anazunguka. Anazunguka duara moja, anarudi, anazunguka tena, kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti, ila kamba haipo. Mwingine kichwa kimeinama upande mmoja, hawezi kukinyoosha. Mwingine anamwona mdudu mbele yake, anaruka kumkamata, anauma hewa. Anaruka tena, anauma mchanga. Mmoja wetu akasema, "Zima." Tukazima.

Si wote wako hivyo kwa kiwango kimoja. Kuna ambao wanaonekana wazima, halafu wakisumbuliwa, wakihamishwa nyumba au wakisafirishwa, ndipo mambo yanaanza. Kwa hiyo picha ya kwenye tangazo haikuambii chochote. Kwenye picha mjusi amesimama. Picha haizunguki.

Ya pili ni Lemon Frost, hiyo mdogo wetu hakuitaja lakini akitafuta rangi nzuri lazima atakutana nayo. Ni njano inayong'aa kwenye weupe, kama limao lenye barafu, tunakubali ni nzuri mno. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walitoa utafiti wao juu ya rangi hiyo. Walikuta kwamba zaidi ya mijusi 80 katika kila 100 wenye urithi huo wanapata uvimbe wa saratani kwenye ngozi. Uvimbe unatoka kwenye zile seli zinazotengeneza weupe, yaani kitu kilekile kinachompa uzuri ndicho kinachomla. Tena watafiti waliwaona mijusi hao ni wa faida kwao, kwa sababu saratani yao inafanana na ya ngozi za watu na inaweza kusaidia kuielewa. Hilo ni jema. Lakini maabara ni jambo lingine, na kununua mnyama wa namna hiyo ili umtazame ni jambo lingine.

Tunajua kuna watakaosema, "Lakini anakula, anaishi, hajui kama ni mgonjwa, tatizo liko wapi?" Tumelijadili hilo kwa muda mrefu na hatukubaliani nalo. Ugonjwa wa kawaida unakuja bila kuitwa, na ukija unamhudumia mgonjwa. Hakuna kosa. Lakini huyu ugonjwa wake umeitwa. Mtu alijua wazazi wanazunguka, akawaweka pamoja, kwa sababu kuna mnunuzi anayesubiri rangi. Na mnunuzi akilipa, mfugaji anaweka mayai mengine kwenye joto. Pesa ya mdogo wetu, ile ya kukata nyasi, ndiyo itakayolipia mjusi mwingine azaliwe azunguke. Hapo ndipo tatizo liko.

Kuna na wanaosema, "Huyu ameshazaliwa, mtu asipomnunua atatupwa." Tunasema hivi: aliye na mjusi mgonjwa tayari amtunze mpaka mwisho wake, kwa upole, asimsumbue, asimzalishe. Na kama mtu anampa bure aliyeshindwa naye, kumpokea ni wema. Lakini kumnunua dukani si kumwokoa. Ni kuagiza mwingine.

Na sisi hapa kambini tuna sababu yetu ya kulielewa hili haraka kuliko wengine. Si mnajua wale wageni wanaokuja na kamera? Wanapita mtoto anayecheka, wanatafuta mwenye kamasi na machozi. Picha inapendeza, wanaondoka, maisha ya yule mtoto yanabaki palepale. Tumekasirika mara ngapi juu ya hilo? Tumesema mara ngapi, "Wanapenda sura yetu, hawatupendi sisi"? Basi tusimfanyie kiumbe mwingine lile lile. Anayependa mnyama anauliza kwanza: anakula vizuri? Anatembea vizuri? Analala? Halafu ndipo rangi.

Kwa hiyo mdogo wetu, jibu la swali lako ni hili. Chagua wa picha ya kwanza, yule wa njano mwenye madoa. Ni rangi ya mababu zake, na kwa sababu kila mtu anakimbilia mapya, bei yake huwa ya chini. Pesa itakayobaki weka kwa daktari wa wanyama, sababu atamhitaji siku moja katika hiyo miaka 20. Na kama moyo unataka mofu kweli, zipo nyingi zisizo na ugonjwa, tafuta hizo.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video, si picha. Umwone mjusi anatembea kwa mstari, umwone anamkamata mdudu mwenyewe kwa mara ya kwanza au ya pili. Uliza wazazi wake ni rangi gani, na kama kwenye ukoo kuna Enigma au Lemon Frost hata mmoja. Muuzaji akikasirika kwa maswali, hiyo ndiyo majibu. Angalia mkia: uwe mnene. Angalia vidole: viwe vyote.

Halafu usiwaweke pamoja. Wawili dume watapigana mpaka waumizane, na hata majike mmoja anaweza kumnyima mwenzake chakula. Kila mtu na sanduku lake. Kama huna pesa ya sanduku la pili, joto la pili na wadudu wa wawili, basi subiri. Huyo wa kwanza hajakuomba mwenzake. Geko chui haoni upweke kama wewe ulivyouona ule mwaka wa kwanza. Hilo tunakuambia kwa upendo, kaka: angalia kama wa pili ni kwa ajili yake au ni kwa ajili yako. Yote mawili si dhambi, ila ujue.

Kabla hatujamaliza, neno kwetu sisi tulio huku, maana kumshauri aliye mbali ni rahisi.

Baada ya mjadala ule, kuna mtoto alituuliza kama mijusi wa hapa nao wananunuliwa. Tukaona macho yake yanahesabu. Tunawaambia wote: acheni kabisa. Kule Tanzania, mkoa wa Morogoro, kuna geko mdogo wa rangi ya buluu anayekaa kwenye misitu michache sana, wa Kimboza ndio unaojulikana zaidi. Wanunuzi wa nje wakampenda kwa ile buluu. Wakakamatwa kwa maelfu na maelfu, na miti anayoishi ikakatwa ili kumfikia. Sasa yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imekatazwa. Na Kenya, mwaka 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na sisimizi, ndiyo, sisimizi, kama 5,000 ndani ya vichupa, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au mwaka mmoja jela. Hao walikuwa na pasipoti na ubalozi. Wewe wa kambini uliye na karatasi ya mkimbizi utamwita nani?

Na mjusi kafiri wa nyumbani, mwacheni. Tumekua tunaambiwa ana sumu, akianguka kwenye chakula watu wanakufa, akikulilia ni bahati mbaya. Sumu hana. Kazi yake ni kula mbu na nondo wanaofuata taa. Usipende chakula chake kwenye sufuria yako, ni haki yako, funika sufuria kwa sababu ya usafi. Lakini kiatu kiweke chini. Watoto wetu wanajifunza ukatili kwanza kwa kitu kidogo ambacho hakuna atakayekitetea.

Basi tumesema. Kuanzia leo kwenye grupu letu tumeweka sheria moja mpya: mtu akileta swali, ajibiwe kwanza, hata kama swali linatuumiza. Kama linatuumiza, tuseme limetuumiza, tusimfanye mwenzetu kuwa kichekesho. Sisi ni watu tuliotawanyika nchi nyingi. Kitu tulichobaki nacho ni kwamba ukiandika saa nane za usiku, kuna mtu mahali fulani atakujibu. Tukikiua hicho kwa sababu ya mjusi, tutakuwa tumepoteza kingi kuliko mgao.

Mdogo wetu, mama atakusomea haya. Link ya grupu iko kwake, tumemtumia. Rudi. Turushie video ya yule wa kwanza akila, na utuambie jina lake, maana hata hilo hatukukuuliza.

Na nyie wengine, andikeni maoni yenu hapa chini. Mnaokubali na mnaokataa, wote karibuni. Ila lugha iwe ya watu wa nyumba moja.